Mukono wa mayo unauzwa, nani aliulizwa?

Ukipanda asubuhi kwenye machimbo, iwe Kamituga, iwe Misisi, iwe Nyabibwe, kabla hujaona zahabu ao kasiterite utaona rangi. Mutu anaingia shimoni na mayo ya Chelsea. Nyuma yake mwingine ana mayo ya Barça ya wakati wa Messi, namba imekwisha kubanduka. Mwingine ana nyeusi na nyeupe ya Mazembe. Si kwamba tunaenda kucheza mupira kule chini. Mayo inapatikana bei ndogo kwenye nguo za friperie, inakauka haraka, na jasho haliiozeshi upesi. Njo nguo yetu ya kazi. Kiwanda kina kombinezoni na kofia ya chuma, siye tuko na mayo.

Tena inafanya kazi nyingine ambayo hakuna mutu anapenda kuisema mbele ya watoto. Shimo likianguka, familia zinakuja mbio kusimama juu, na ulizo la kwanza ni moja: leo alivaa mayo gani? Tarehe 11 mwezi wa 9 mwaka 2020, mvua ilijaza mashimo ya Detroit kule Kamituga na makumi ya ndugu zetu wakafia chini. Watu wa kazi hii wanajua vile inakuwa siku kama ile: uso umejaa matope, hautambulikani, lakini rangi ya kifuani bado inaonekana. Basi mutu asituambie kwamba rangi ya mayo ni mambo ya vijana wasio na kazi.

Miye ni mutu wa sendika, si mwandishi wa michezo. Lakini tangu mwaka 2025 kila mukutano wetu hapa Luvungi unaanza na mushahara na unaishia kwenye mayo. Nimesikia maoni mengi, ya hasira na ya kuchekesha, na naona yanagusa jambo moja ambalo sendika inalijua tangu zamani: kuna wale wanaovaa, na kuna wale wanaouza kile kilichovaliwa, na hawa wa pili hawawaulizi wale wa kwanza.

Tuanze na Katanga, juu ya kule njo mupira wa wafanyakazi wa inchi yetu ulikomaa. Mwaka 1939, kule Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mapadri Wabenediktini walianzisha ekipe ambayo leo ni TP Mazembe. Mwaka uleule ikazaliwa FC Saint-Éloi Lupopo, manjano na bluu, ekipe ya watu wa reli. Mupaka leo wanaitwa Cheminots. Mutakatifu Eloi ni musimamizi wa wafua vyuma na wafua zahabu, kwa hiyo kila muchimbaji angeweza kumuomba kidogo, hata akiwa mutu wa Mazembe kama miye. Mazembe yenyewe ilibadilisha majina mara nyingi. Kwa miaka mingi iliitwa Englebert, ambayo haiko jina la mutakatifu wala la babu yetu: ni jina la kampuni ya pine za gari. Ndiyo, ekipe kubwa ya Katanga ilibeba jina la pine. Kwa jina lile ilishinda kombe la klabu bingwa za Afrika mwaka 1967 na mwaka 1968. Pine ilikwisha, jina likaondoka, nyeusi na nyeupe zikabaki. Wazee wa Lubumbashi wanawaita Corbeaux, kunguru, na kweli ukimutazama kunguru wetu wa huku mwenye kifua cheupe utaona mayo ya Mazembe inaruka.

Wakati ule wakubwa wa kazi walipenda sana wafanyakazi wacheze mupira. Mutu akicheza siku ya yenga, walifikiri, hatafanya mikutano. Lakini mwezi wa 12 mwaka 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakiomba nyongeza ya mushahara, na pale walipokusanyika kule Élisabethville palikuwa uwanja wa mupira. Tarehe 9 askari waliwapiga risasi palepale. Léonard Mpoyi, aliyekuwa anasema kwa niaba yao, aliuawa pamoja na wengine wengi. Naandika hii juu ya vijana wengi wanajua mabao yote ya Mazembe na Lupopo, lakini hawajasikia siku ile.

Sasa mayo ambayo kila Mukongomani anaitambua hata kwa giza: ile ya Léopards ya mwaka 1974. Kijani, manjano kidogo, na kichwa kikubwa cha chui kifuani. Ilikuwa rangi ya bendera ya Zaïre. Mwezi wa 3 mwaka ule walitwaa kombe la Afrika kule Misri, Ndaye Mulamba akafunga mabao 9 katika mashindano, na mwezi wa 6 wakaenda Ujerumani ya Magharibi, ekipe ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kucheza Kombe la Dunia. Walipigwa 2-0 na Scotland, 9-0 na Yugoslavia, 3-0 na Brazili. Dunia ilicheka. Katika muchezo wa Brazili, Mwepu Ilunga alitoka kwenye ukuta akapiga mupira wa adhabu wa Wabrazili mbele hata haujachezwa, na watu wa ulaya wakasema Waafrika hawajui sheria.

Mwepu mwenyewe alieleza baadaye. Sheria alikuwa anaijua. Feza waliyoahidiwa haikuwafikia, iliishia katika mifuko ya wakubwa waliosafiri pamoja nao, na kabla ya muchezo wa Yugoslavia wachezaji walitaka kugoma. Yeye alitamani apewe kadi nyekundu atoke. Kwa mutu wa sendika, lile teke ni barua ya mugomo iliyoandikwa na mguu. Chui alikuwa kifuani, kazi ilifanyika, malipo hayakuja. Leo ile mayo ya kijani inafanywa kopi na kuuzwa kwa watalii na kwa vijana wa Kinshasa, inapendeza kweli, na sijasikia hata siku moja kwamba familia ya muchezaji wa 1974 inapata kitu juu yake.

Mwaka 1997 inchi ikaacha kuitwa Zaïre, bendera ikabadilika, na ekipe ya taifa ikapewa hata jina la Simbas. Watu hawakulizoea. Léopards likarudi. Rangi wakubwa wanaweza kuibadilisha kwa karatasi, chui hapana.

Kinshasa wanapigania kijani. V.Club ni kijani na nyeusi, Daring Club Motema Pembe ni kijani na nyeupe, na ukitaka ugomvi katika nyumba moja weka ndugu wawili, kila mumoja na kijani chake. Tanzania ni nyekundu ya Simba na kijani na manjano ya Yanga. Kuna habari moja ya Yanga ambayo naipenda sana. Vodacom ilikuwa inatoa feza ya ligi nzima, na alama yake ni nyekundu. Yanga wakasema hapana, nyekundu ni ya mutani wetu, haitakaa kwenye mayo yetu hata kama ni ndogo kama kifungo cha shati. Kampuni kubwa namna ile ikakubali kuwawekea alama nyeusi. Wengine walicheka, wakasema ni utoto. Miye nilisema: kumbe inawezekana. Mwenye feza alikuja na rangi yake, mwenye mayo akakataa, na dunia haikuanguka.

Sisemi kwamba mapenzi ya rangi ni matamu siku zote. Tarehe 11 mwezi wa 5 mwaka 2014, V.Club na Mazembe walicheza kwenye uwanja Tata Raphaël kule Kinshasa, fujo ikaanza, askari wakarusha moshi wa machozi, watu wakakanyagana. 15 walikufa. Na hata sisi wa uwanda wa Ruzizi tunajua. Kule Sange, karibu sana na hapa, tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 2010, lori la mafuta lilipinduka na kuwaka, na kati ya watu zaidi ya 230 waliokufa wengi walikuwa wameketi katika nyumba za video wakitazama Kombe la Dunia. Kila nikiingia kutazama muchezo nakaa karibu na mulango.

Sasa tufike kwenye mukono.

Arsenal ilianza kuandika «Visit Rwanda» kwenye mukono wa mayo yake mwaka 2018. Paris Saint-Germain ikafuata mwaka 2019, kisha Bayern Munich mwaka 2023. Magazeti ya Uingereza yalisema Arsenal inapata karibu milioni 10 za pauni kila mwaka. Kwa miaka ya kwanza hapa Luvungi hatukuangalia sana. Mukono ni mukono, tulikuwa tunaangalia bao. Halafu Goma ikachukuliwa na M23 mwisho wa mwezi wa kwanza mwaka 2025, na Bukavu katikati ya mwezi wa pili. Kinshasa inasema, na wataalamu wa ONU waliandika, kwamba jeshi la Rwanda linaisaidia M23, Kigali inakana. Watu wakashuka barabara hii ya uwanda na magodoro kichwani, na kati yao, nilitazama kwa macho yangu, kijana mwenye mayo ya Arsenal, ile yenye maneno kwenye mukono. Hakufikiria hata kidogo. Ilikuwa mayo yake, alikimbia nayo.

Toka siku zile maoni yakagawanyika, na nitayatoa vile niliyasikia, bila jina la mutu.

Kuna wanaosema: vua, choma. Wengi wao ni vijana, na wana hasira ya kupoteza nyumba. Siwezi kuwafundisha hasira yao. Lakini kijana anayechoma mayo ya jirani yake amemuchomea mutu maskini nguo yake ya kazi, na yule aliyepokea milioni 10 hajasikia hata joto la ule moto.

Kuna wanaosema: nilipenda Arsenal tangu Kanu na Thierry Henry, mukono ulikuwa safi, hawakuniuliza walipouandika. Wanaongeza, na hapo wana haki, kwamba mayo nyingi huku ni kopi. Hata yule anayetengeneza kopi anakopia na mukono! Basi tangazo linatembea kwenye mabega yetu bila hata senti kulipwa kwa mutu yeyote. Kuna pia wale wanaosema biashara ni biashara, kwamba ukianza kusoma kila neno kwenye nguo hutavaa kitu, utatembea uchi. Hao ni wachache lakini wanasema kwa sauti kubwa.

Na kuna wamama. Wamama hawakungoja mukutano. Walipeleka mayo za watoto kwa fundi wa cherehani, akaweka kiraka juu ya yale maneno, kingine cha kitenge, kingine cha suruali ya zamani. Leo ukipita sokoni utaona Arsenal yenye maua ya kitenge kwenye mukono. Kama ningeombwa kuchagua, ningechagua hiyo. Ekipe unabaki nayo, tangazo umelifunika, na hukumupiga mutu.

Halafu tukasikia kwamba hata kule London kuna washabiki waliofikiri jambo lilelile. Kundi linaloitwa Gunners for Peace lilianza kugawa vitambaa vyeusi vya kufunga juu ya mukono ili maneno yasionekane. Tena wakatia uchokozi: wakasema kuliko «Visit Rwanda» ni afadhali waandike «Visit Tottenham». Mutu anayejua vile watu wa Arsenal wanachukia Tottenham ataelewa uzito wa maneno hayo. Ni kama mutu wa Lupopo kuvaa nyeusi na nyeupe kwa kupenda. Kule Ujerumani washabiki wa Bayern walifungua bango kubwa uwanjani wakisema anayetazama bila kujali anasaliti yale klabu inayoamini. Paris walikusanya majina ya kupinga. Na waziri wetu wa mambo ya inje, Thérèse Kayikwamba Wagner, alikuwa amewaandikia wakubwa wa klabu zote tatu.

Matokeo? Mwezi wa 8 mwaka 2025 Bayern iligeuza mapatano, ikasema yatabaki ya kufundisha vijana mupira tu. Paris imeongeza miaka. Arsenal ilitangaza mwezi wa 11 mwaka 2025 kwamba mapatano yake yanaisha mwisho wa musimu, mwezi wa 6 mwaka 2026. Klabu haikusema ni kwa sababu ya washabiki. Hakuna bosi anayesema hivyo. Hata nyongeza ya mushahara ikipatikana kwa mugomo, karatasi itaandika kwamba ni wema wa kampuni.

Hapo wengi wetu tulishangilia. Miye nilishangilia nusu, na nitasema kwa nini.

Mwaka huohuo wa 2025 serikali yetu nayo iliingia sokoni. Iliandikiana na Monaco, na AC Milan, kisha mwezi wa 7 na Barcelona: maneno «R.D. Congo, Cœur d'Afrique» mugongoni mwa mayo ya mazoezi. Magazeti yaliandika kwamba Barcelona peke yake ni zaidi ya milioni 40 za euro kwa miaka 4. Mayo ya mazoezi, ndugu zangu. Hata haiko ile ya muchezo.

Wako wanaoitetea, na hawako wajinga. Wanasema jirani alijitangaza miaka 7, siye tulikuwa kimya, dunia ikajua jina lake na yetu ikaijua kwa vita na ebola tu. Wanasema mutoto wa Uvira akiona jina la inchi yake mugongoni mwa Lamine Yamal atasimama wima. Nimemuona mutoto wa namna hiyo, ni kweli alisimama wima. Hiyo siwezi kuikana.

Lakini milioni 40 hazitoki mbinguni. Inchi hii inalishwa na kile kinachotoka chini, na kinatolewa na mikono ya watu wanaosoma ukurasa huu. Kwenye mashimo mengi hakuna pompe ya kutoa maji. Wajane wa machimbo wanangoja miaka. Kama Kigali haikutuuliza kabla ya kuandika kwenye mukono, Kinshasa nayo haikutuuliza kabla ya kuandika mugongoni. Mutu anayefurahia kuisha kwa mapatano ya Arsenal na kunyamaza juu ya yale ya Barcelona, huyo anapigania bendera. Kwa muchimbaji ulizo ni lilelile kwa mikono yote miwili: nani alilipa, kwa feza ya nani, na nani aliulizwa?

Kama kuna maneno ya wachezaji wenyewe ambayo yalinifika moyoni, hayakuandikwa kwenye kitambaa. Tarehe 7 mwezi wa 2 mwaka 2024 kule Abidjan, nusu ya mwisho ya CAN, wakati wimbo wa taifa unapigwa, Léopards walifunika kinywa na mukono mumoja, na vidole viwili vya mukono mwingine wakavielekeza kwenye kichwa kama bunduki. Walikuwa wanasema juu ya mauaji ya Mashariki na dunia iliyonyamaza. Walifungwa 1-0 na Côte d'Ivoire. Tulilia, lakini watoto wa hapa waliendelea kufanya ile alama posho nzima, njiani, shuleni, hata kanisani. Hakuna kampuni iliyoilipia.

Ulizo hili liko nyumbani pia, na njo sababu naandika leo. Ekipe yetu ya wachimbaji hapa Luvungi inavaa manjano na nyeusi: manjano ya zahabu, nyeusi ya ndani ya shimo. Rangi ilichaguliwa na wazee wa kwanza, na tumekwisha kufunika masanduku ya marehemu wetu kadhaa na ile mayo. Sasa imechakaa, namba zimetoka, golikipa anacheza na yenye tundu kwapani. Munnunuzi mumoja wa zahabu, sitataja jina, amekuja na zawadi: mayo 22 mpya, nyeupe, na jina la nyumba yake ya biashara kifuani kwa herufi kubwa.

Vijana wanataka. Wanasema hatuwezi kuingia kwenye mashindano na matambara, na nyeupe inapendeza kwenye picha. Wazee wanauliza ni nani anayeshika mizani wakati tunamuuzia, na tutabishana naye vipi juu ya bei tukiwa na jina lake kifuani. Wengine wanapendekeza njia ya Yanga: zawadi tupokee, lakini manjano na nyeusi zibaki, na jina lake liwe dogo, mugongoni, chini ya namba. Munnunuzi amejibu kwamba kwa feza ile hataki kuwa mugongoni. Angalau yeye amejibu.

Sendika haitaamuru. Miye sauti yangu ni ya manjano na nyeusi, hata ikibidi tuchange kwa miezi mitatu tushone zetu, na nimekwisha kusema hivyo mbele ya wote. Kura itapigwa siku ya yenga, saa tisa, kwenye uwanja, kila mwanachama na karatasi yake; mayo zote mbili zitatundikwa kwenye kamba ya golini ili kila mutu aone anachochagua. Wake wa wachezaji wameomba nao wapige kura, juu ya njo wao wanafua. Komite ilibishana karibu saa moja, na imekubali.